Ngomo: mteremko unaowafanya Wakongomani wapitie Rwanda ili wafike Uvira

Bukavu na Uvira ni miji miwili ya jimbo moja, Kivu Kusini. Kati yake kuna kilomita zipatazo 130 tu, na barabara ya kitaifa namba 5, RN5, imechorwa kwenye ramani kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kukata mpaka wowote. Hata hivyo, kwa miaka mingi, msafiri anayefika parkingi ya Bukavu na kusema anaenda Uvira hujibiwa kwanza kwa swali: mama, uko na lesepase?

Swali hilo linatokana na Ngomo. Ni mteremko wa udongo ulio kati ya Nyangezi na Kamanyola, katika teritware ya Walungu, mahali ambapo RN5 inaacha milima na kuangukia uwanda wa Ruzizi. Wenye magari wengi wanauogopa. Ndiyo maana wanavuka mto Ruzizi, wanaingia Rwanda, wanashuka kwa lami ya wilaya ya Rusizi hadi Bugarama, kisha wanarudi Kongo kupitia Kamanyola. Mkongomani anaondoka nchini mwake ili afike nchini mwake.

Jambo hili limezoeleka mpaka wengi hawalishangai tena. Lakini kila mara mpaka unapofungwa, au vita vinapokata njia, swali linarudi: kwa nini miji mikubwa miwili ya jimbo moja haina barabara ya uhakika kati yake?

Mlima wenyewe

Ziwa Kivu liko kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini zaidi, mita 770 hivi. Mto Ruzizi unachukua maji ya ziwa la kwanza na kuyapeleka katika la pili, na njiani unashuka karibu mita 700. Sehemu kubwa ya anguko hilo iko mwanzoni, kati ya Bukavu na Kamanyola. Hapo mto umechimba korongo refu, na kingo zake ni milima inayosimama kama ukuta. Rwanda iko ukingo wa mashariki, Kongo iko ukingo wa magharibi. Ngomo iko upande wa Kongo.

Anguko hilo hilo la maji ndilo linalotoa umeme. Bwawa la Ruzizi I linafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II tangu mwaka 1989. Ruzizi II inasimamiwa na SINELAC, shirika la pamoja la Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo nchi tatu ziliweza kuketi pamoja, kutafuta pesa na kujenga kiwanda cha umeme ndani ya korongo hili. Barabara inayopita juu yake, upande wa Kongo, imebaki udongo.

Safari inaanza bila tatizo kubwa. Gari linatoka Bukavu kwa upande wa Panzi, linafuata vilima vyenye migomba na mashamba ya muhogo hadi Nyangezi. Baada ya hapo barabara inaanza kushika ubavu wa mlima. Upande mmoja kuna ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine kuna korongo. Kona zinafuatana, na kwenye kona nyingi dereva haoni kinachokuja mbele yake. Anapiga honi na kusikiliza.

Sehemu nyingi hazina nafasi ya magari makubwa mawili. Lori linaloshuka likikutana na lori linalopanda, mmoja lazima arudi nyuma hadi mahali palipo na upana. Kurudi nyuma kwenye mteremko huo, na mzigo mgongoni, ni kazi inayotisha hata madereva wa zamani. Konvwayeri anashuka, anatembea nyuma ya gurudumu akiwa na kipande cha mti mkononi. Injini ikizimika au breki ikilegea, ni mti huo unaozuia gari lisiende korongoni.

Anayeshuka hategemei breki peke yake. Anaweka vitesi ya kwanza na kuiacha injini ishike gari, kwa sababu breki inayotumiwa bila kupumzika hupata moto na kuacha kushika. Abiria wengi wanaomba kushuka na kutembea kwa miguu sehemu mbaya. Wanapanda tena gari huko chini, pale ambapo uwanda unaonekana wote, na joto la Kamanyola linachukua nafasi ya baridi ya milima.

Yote hayo ni wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 8, jeep inapoweza kumaliza mteremko katika saa chache. Mvua zinaporudi mwezi wa 9, udongo unateleza kama sabuni. Lori moja likikwama katikati, magari yote nyuma yake na mbele yake yanasimama. Kuna wanaolala njiani, na kama mzigo ni nyanya au samaki, unaozea hapo.

Njia ya jirani ina bei yake

Kwa mtazamo wa haraka, kupitia Rwanda ni akili ya kawaida. Lami ni nzuri, kona zina vizuizi vya pembeni, na safari inakwisha mapema. Hakuna dereva anayestahili lawama kwa kuchagua njia ambayo haitamwua.

Lakini njia hiyo haimfai kila mtu. Inataka msafiri awe na karatasi ya kuvukia. Inataka gari liwe na karatasi na bima inayokubaliwa ng'ambo. Inavuka mpaka mara mbili kwa safari moja, na mpaka una saa za kufungua na za kufunga. Mama anayeuza mchele kutoka Luvungi au Sange, akitaka kuufikisha sokoni Bukavu kwa njia hiyo, anaona mchele uliolimwa Kongo, na utakaoliwa Kongo, ukitoka nchini na kuingia tena kama mali ya kigeni iliyo safarini.

Wapo wasioweza kabisa kuitumia. Askari wa Kongo mwenye bunduki hawezi kupitia ardhi ya Rwanda kwenda kwenye kituo chake Uvira. Mfungwa anayesafirishwa chini ya ulinzi hawezi. Mwanakijiji asiye na kitambulisho cha aina yoyote, na wapo wengi, hawezi. Kwa hawa wote, Kongo kati ya Bukavu na Uvira ina mlango mmoja tu, nao ni Ngomo.

Kuna pia suala la nani anapata faida. Dereva anayepita ng'ambo ananunua mazuti huko, anakula huko, na akipata pani anatengeneza huko. Nyangezi na vijiji vya mteremko, ambavyo vingepaswa kuishi kwa barabara ya kitaifa kwa kuuza chakula, kulaza wasafiri na kutengeneza matairi, vinabaki kando.

Mpaka unapofungwa

Mwaka 2020 ulionyesha wazi udhaifu huu. Mwezi wa 3, kwa sababu ya Covid-19, Rwanda ilifunga mipaka yake. Kwa siku moja njia ya Bugarama ikawa haipo tena kwa msafiri wa kawaida. Aliyetaka kwenda Uvira au kutoka Uvira ilibidi arudi Ngomo, katika mwezi wa mvua kubwa. Mwezi uliofuata, mto Mulongwe ulifurika ndani ya mji wa Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba na madaraja. Msaada uliohitajika kutoka makao makuu ya jimbo ulikuwa na mteremko wa udongo mbele yake.

Miaka mitano baadaye vikaja vita. Katikati ya mwezi wa 2 mwaka 2025, AFC/M23 iliingia Bukavu baada ya kuuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha ikashuka hadi Kamanyola. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huo mapigano yalibaki katika uwanda, upande wa Luvungi, hadi mwezi wa 12 yaliposhuka mpaka Uvira. RN5 ilikatwa vipande viwili, kila kipande na mamlaka yake, na kati yake uwanja wa vita.

Katika hali hiyo, ni rahisi kusema kwamba Ngomo si tatizo tena, kwamba tatizo ni bunduki. Ukweli ni kwamba mambo haya mawili yanasaidiana. Mahali ambapo gari linapita kwa mwendo wa mguu, mtu mwenye bunduki hahitaji kujenga kizuizi. Mlima umekwisha kumjengea. Barabara mbaya inamfanya kila msafiri apatikane kwa urahisi. Watafiti wa shirika la IPIS, walipohesabu vizuizi vya barabarani Kivu Kaskazini na Kivu Kusini mwaka 2017, walikuta karibu 800. Vizuizi hivyo viliwekwa na makundi yenye silaha, na pia na watumishi wa dola wenyewe.

Pia barabara mbaya inaiondoa serikali machoni pa wananchi. Mkulima wa uwanda ambaye hajamwona mtumishi wa jimbo kwa sababu hakuna anayetaka kuteremka Ngomo, anajifunza kuishi bila serikali. Na pengo hilo halikai wazi siku nyingi. Daima kuna mwingine anayekuja kulijaza, mara nyingi akiwa na silaha.

Nani analipa

Bei ya kifuko cha mchele au kikapu cha ndagala huko Kadutu haiamuliwi na shamba au ziwa peke yake. Inaamuliwa pia na barabara. Uwanda wa Ruzizi unalima mchele, muhogo, mahindi na nyanya. Ziwa Tanganyika linatoa ndagala na mikebuka. Bandari ya Kalundu, Uvira, inapokea mizigo ya Kigoma na Kalemie. Kwa upande mwingine, Bukavu ni mji mkubwa uliojaa watu, na milima inayouzunguka haitoshi kuulisha. Mwenye chakula yuko chini na mwenye njaa yuko juu, na Ngomo iko katikati.

Mwenye lori anapopanga bei ya usafiri, anahesabu mazuti ambayo injini inakunywa ikipanda mlima kwa vitesi ya kwanza. Anahesabu matairi na pisi zinazokufa kabla ya wakati. Anahesabu siku ambazo gari litasimama kwenye matope bila kuingiza hata franka moja. Anahesabu pesa za vizuizi. Kisha anaongeza kidogo kwa ajili ya hofu, kwa sababu anajua lori linaloanguka korongoni halirudi, na mara nyingi dereva harudi pia. Jumla yote inaingia katika bei ya kilo moja, na anayeilipa ni mama wa Bukavu mwenye watoto sita na makuta ya siku moja.

Upande wa pili, mkulima wa uwanda analipa kwa njia nyingine. Mnunuzi anayemfikia anajua kwamba nyanya hazisubiri na kwamba mwenye shamba hana gari. Anataja bei ya chini, na mkulima anakubali. Hivyo barabara moja inafanya chakula kiwe cha bei rahisi mno shambani na cha bei kali mno sokoni.

Mgonjwa ndiye anayelipa zaidi. Mama mjamzito wa Kamanyola ambaye uzazi umemshinda, na anahitaji hospitali kubwa ya Bukavu, ana njia mbili: kupanda Ngomo, au kupita nchi mbili. Usiku, mpaka ukiwa umefungwa, inabaki moja.

Kwa nini haijajengwa

Sababu ya kwanza ni mlima. Watu husema "waweke lami" kana kwamba lami peke yake ni dawa. Kwenye mteremko kama huu, adui wa kwanza ni maji. Mvua inaposhuka juu ya mlima uliokatwa miti ili kupata mashamba na makaa, maji hayapenyi ardhini. Yanakimbia, yanafika barabarani na kuifanya mto. Yakikosa mfereji, yanachimba katikati ya njia. Yakiingia chini ya ukingo, ukingo unabomoka na kwenda korongoni na kipande cha barabara. Lami iliyowekwa juu ya udongo usiotulia hupasuka katika misimu michache. Kinachohitajika kabla ya lami ni mifereji ya mawe, mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara, kuta za kushikilia udongo, na miti juu ya mlima. Hizo ni kazi za gharama, na hakuna mwanasiasa anayepiga picha mbele ya mfereji.

Sababu ya pili ni pesa na jinsi zinavyosimamiwa. Tangu mwaka 2008 nchi ina mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, unaolishwa na makato ya mafuta na peaji. Kila anayenunua lita ya mazuti amechangia. Kwa madereva wa Kivu Kusini, swali ni rahisi: pesa zinazokatwa hapa zinarudi hapa kwa kiasi gani? Office des Routes, yenye jukumu la kutengeneza, hulalamika kwamba haina mashine wala mafuta ya kuzisukuma. Kati ya kulipa na kulalamika, mvua nyingine inafika.

Sababu ya tatu haisemwi sana: kuwapo kwa njia ya Rwanda kumepunguza haraka. Mkubwa anayeweza kulalamika na kusikiwa, mbunge, waziri wa jimbo, mfanyabiashara wa makontena, hapiti Ngomo. Anapita lami ya jirani, ndani ya gari lenye hewa baridi. Anayebaki kwenye matope ni yule ambaye sauti yake haifiki Kinshasa.

Je, njia ya jirani haitoshi?

Kuna hoja ya kweli upande wa pili, na inastahili kusikilizwa. Kongo, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL mwaka 1976 ili watu na mali zipite kirahisi. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kama mipaka inapaswa kufunguka, kwa nini kutumia mamilioni ya dola kwenye ukingo mmoja wa mto wakati ukingo wa pili una lami tayari? Pesa hizo zingeweza kujenga barabara za Fizi, Mwenga au Shabunda, ambako hakuna hata njia ya jirani ya kukimbilia.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama amani ingekuwepo. Lakini ujirani mwema unajengwa kati ya watu wenye uwezo wa kuchagua. Msafiri mwenye barabara yake, anayeamua kupita kwa jirani kwa sababu ni karibu au ni nafuu, anafanya biashara. Msafiri asiye na njia nyingine anakuwa mikononi mwa yule anayefungua na kufunga lango, awe nani. Mwaka 2020 lango lilifungwa kwa sababu ya ugonjwa, bila ubaya wowote kwa Wakongomani. Hata hivyo Bukavu na Uvira zilitengana.

Tena, mahitaji ya Fizi na Shabunda hayapingani na ya Ngomo. RN5 haiishii Uvira. Inaendelea kusini hadi Baraka, Fizi, na kuelekea Kalemie. Anayetaka kufungua kusini ya jimbo kutoka Bukavu anakutana na Ngomo kwanza.

Yanayoweza kufanyika bila kungoja lami

Vita vikiendelea, hakuna atakayeleta kampuni kubwa na mashine zake kwenye mteremko huu. Hiyo haimaanishi kwamba hakuna la kufanya.

Kongo inazijua tangu zamani kazi ndogo zinazookoa barabara za udongo. Kuna vizuizi vya mvua: mti unashushwa barabarani mvua inaponyesha, malori yanasubiri udongo ukauke, na njia haichimbwi na magurudumu. Kuna kamati za wenyeji za matengenezo, CLER, ambazo watu wa kijiji wanalipwa kusafisha mifereji, kukata majani na kujaza mashimo kwa mawe kabla shimo halijawa handaki. Jembe na koleo katika mwezi wa 8 zinaokoa kazi ya buldoza katika mwezi wa 12. Vijiji vya mteremko vina vijana wasio na kazi. Kinachokosekana ni malipo yanayofika kwa wakati.

Kuna pia kupanua sehemu chache za kupishania magari, zinazoonekana kutoka moja hadi nyingine, ili dereva ajue wapi asubiri. Kuna kupima uzito wa malori na kukataa yaliyozidisha. Na kuna kuacha kulima kwenye ukingo wa juu wa barabara, jambo ambalo machifu wa usultani wa Ngweshe na wenyeji wanaweza kuafikiana bila kumsubiri waziri.

Hakuna hata moja kati ya hizo itakayoigeuza Ngomo kuwa lami ya Bugarama. Lakini zinaweza kufanya lori lipite mwezi wa 11 bila kulala njiani, na mgonjwa afike Bukavu kabla ya asubuhi.

Vita vya uwanda vitakwisha siku moja, kwa mkataba au kwa uchovu. Siku hiyo kutakuwa na maneno mengi juu ya umoja wa nchi na mamlaka ya dola. Wananchi wa Nyangezi na Kamanyola watakuwa na kipimo rahisi cha kujua kama maneno hayo ni ya kweli. Watatazama kama msafiri wa Uvira, akifika parkingi ya Bukavu, bado anaulizwa lesepase.